Mzimu Hauiti Mara Tatu

Walioandika tamthilia ya Alhamisi hawakulelewa na bibi. Au walilelewa wakawa hawasikii, maana mtu aliyepata bibi wa kumfinya sikio hawezi kuandika upuuzi ule niliouona juzi nyumbani kwa Esha.

Nami si mtazamaji wa kubahatisha. Tamthilia hii nimeifuata tangu Fadhili yu hai na ana duka lake. Nilikuwepo alipomuoa Rukia, nilikuwepo gari lilipotumbukia naye bondeni, na nilikuwa wa kwanza kusema kwamba yule ndugu yake aliyelia sana msibani ndiye aliyekata breki. Wakanibishia wote. Wiki mbili baadaye wakaja kuniomba radhi. Mvua inyeshe, umeme ukatike na kurudi, Alhamisi baada ya magharibi nipo kwenye mkeka wa Esha nimeegemea ukuta, chai ya tangawizi mkononi. Esha ana saluni ya nywele hapa mtaani kwetu Rumonge, mtaa wa Waswahili, na televisheni yake ni kubwa kama mlango wa kabati. Wasichana wake wa saluni wananiita Bibi Reporta kwa kuwa sinyamazi. Waniite wapendavyo.

Ninasamehe mengi. Rukia analala na rangi ya mdomo na kuamka nayo, nimesamehe. Moshi unatoka kaburini kama kuna mtu anachoma mahindi mle ndani, nimesamehe. Mzimu wa Fadhili wameupaka unga mpaka masikioni, nikasema sawa, kila nchi na mizimu yake.

Lakini juzi mzimu ulikuja mlangoni. Jua limezama, Rukia yuko peke yake, anakunja nguo. Sauti ikaita kutoka nje, "Rukia." Mwanamke akashtuka. Sauti ikaita tena, "Rukia." Na baada ya kimya kidogo, kwa utulivu kabisa, kama mgeni aliyealikwa kula pilau, "Rukia." Akafungua, akaona unga, akaanguka. Ngoma zikapigwa, majina ya waigizaji yakaanza kupita.

Nilisimama chai ikanimwagikia.

"Uongo! Mzimu hauiti mara tatu!"

Wasichana wakacheka. Esha akanivuta kanga. "Bibi, kaa. Iko filamu tu hii."

"Na filamu iko na adabu yake!"

"Sasa muzimu unaitaka mara ngapi?" akauliza mmoja wao, yule mwenye kucha ndefu.

"Mara moja! Mara moja tu. Wewe mutoto wa Rumonge hujui hilo? Mama yako alikufundisha nini, kusuka tu?"

Nikatoka. Nilifika nyumbani nimevaa kandambili za mtu mwingine, na usiku mzima nilijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango. Wao walidhani nimekasirikia filamu.

Ngoja nieleze. Huku kwetu kando ya ziwa mtoto hufundishwa jambo hili hata kabla hajaimaliza Alhamdu. Ukiitwa na mtu usiyemwona, hasa magharibi, usiitike. Ngoja. Maiti ana pumzi ya mwito mmoja tu. Aliye hai ataita tena, na ya tatu ikifika, itika, ni binadamu mwenzio. Ukiitika ya kwanza umempa roho yako mkononi. Ndiyo maana hapa unaweza kusimama mlangoni kwa mtu ukaita na kuita, naye anakusikia tangu mwanzo, ametulia tuli. Wageni kutoka Bujumbura wanatuona wakaidi. Sisi tunahesabu.

Na kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yote yamesimama juu ya hesabu hiyo. Ni dada yangu Mwamini.

Mimi nilizaliwa mwaka wa uhuru, kwa hiyo mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi. Mwamini alikuwa mwanamke mzima, ameolewa na Asmani, dereva wa lori la mawese. Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo Asmani alihamia kwetu, tukaishi naye nyumba moja, mimi na mama yetu, Bi Mwanahamisi. Asmani alikuwa mtu wa sauti. Alipokuwa ananong'ona, jirani alijibu. Mama alimwambia kila siku, "Baba, sisi si viziwi," naye akicheka, anacheka kwa sauti ile ile. Nilimpenda sana shemeji yule. Akirudi safari alininyanyua mpaka kichwa kinagusa dari.

Mwisho wa mwezi wa nne alikwenda Nyanza-Lac kupakia mawese. Siku hiyo hiyo mambo yakaharibika. Nani alianza na nani alimalizia, sitaki kuingia humo. Waliokuwepo wanajua, na kila nyumba ya huku ina jina lake la kulilia. Kwanza waliuawa watu, kisha wakaja wengine kulipiza, malori yakawa yanachukua wanaume na hayawarudishi. Warundi waliupa wakati ule jina, Ikiza, kama vile ni tauni. Barabara ya kusini ikafungwa. Mtu mmoja aliyetoroka kutoka Kabonga akasema ameona lori limeungua kando ya njia, na ubavuni limebaki na rangi ya kijani. Lori la Asmani lilikuwa la kijani.

Sheikh alisema tungoje, mume asiyeonekana hahesabiwi maiti kwa siku chache. Mama hakungoja. Alimvua Mwamini bangili, akamfunga kaniki, akamketisha eda chumbani. Nadhani aliogopa matumaini. Alikuwa ameona wanawake wa mtaani wakikimbilia barabarani kila lori linapopita, na wengine hawakurudi.

Basi ilikuwa magharibi, wiki tatu hivi baadaye. Amri ilikuwa jua likizama mtu asionekane nje, na taa tulikuwa hatuwashi. Tulikuwa tumekula mihogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, gizani, vyombo viko palepale sakafuni. Sauti ikatoka uani, nyuma ya mlango wa mbao.

"Mwamini."

Ilikuwa ya chini, karibu kama pumzi. Dada yangu aliinuka. Mama alimrukia, akamvuta kaniki, akamziba mdomo kwa kiganja. "Ngoja ya pili," akamwambia sikioni. Nami mtoto mwenye adabu nikakunja kidole kimoja, nikakaa tayari kukunja cha pili.

Tulisikia viatu vya askari vinapita barabarani, vinakwenda polepole. Tukasikia kitu kinagusa mlango, kama mtu ameweka mkono wazi juu ya ubao na kuuacha hapo. Ya pili haikuja. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi, akairudia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi alfajiri niliamka nikamkuta Mama anafagia uani. Mama hakuwa anafagia, kufagia ilikuwa kazi yangu. Alifagia kuanzia mlangoni mpaka kwenye michikichi ya jirani upande wa ziwa, akarudi, akafagia tena. Nilipoomba ufagio aliniambia niende nikalale.

Asmani hakuonekana tena, hai wala maiti.

Nilipokua nikaelewa kitu rahisi kabisa. Mtu anayejificha askari wasimwone haiti mara tatu. Mtu mwenye sauti ya Asmani, akijibana mpaka ikawa pumzi, alikuwa amejibana kwa sababu anataka kuishi. Niliuelewa ukweli huo siku moja nikipepeta mchele, nikaacha ungo chini nikalia hadi mwanangu akamwita jirani. Lakini kwa Mwamini sikusema neno. Ningesemaje? Baadaye aliolewa tena, na Maneno wa Gatete, mtu mpole, Mungu amrehemu, akazaa, akalea, akazika. Na kila Asmani anapotajwa, Mwamini husema maneno yale yale bila kupepesa jicho: "Muzimu wake ulikuja kuniaga. Uliita mara moja." Kisha anaendelea kuchambua maharage. Hayo ndiyo yaliyomlaza usingizi miaka yote hii. Mzimu ukiita mara moja, basi yule alikuwa mzimu, na hakuna aliyemwacha mtu nje.

Sasa wanakuja watoto wa mjini na makamera yao kumwonyesha kwamba mzimu unaweza kuita mara tatu. Na kama mzimu unaweza kuita tatu, basi mtu anaweza kuita moja. Mwamini si mjinga, angefika hapo kabla tangazo la sabuni halijaisha.

Mwamini naye ni mpenzi wa tamthilia hiyo. Siku hizi mguu umevimba, hatoki nyumbani kwa mwanawe kule Gatete, na hawana televisheni. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana ninakwenda kumsimulia, yeye amelala ukumbini, mimi nimekaa karibu na miguu yake. Ndiyo maana sikulala. Ijumaa ilikuwa kesho yake, na nilikuwa na safari moja tu ya gari ya kuamua nitasema nini. Kabla hatujaipita minara ya simu nilikuwa nimekwisha amua. Nitadanganya, na nitadanganya vizuri.

Nilimkuta kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Mariyamu, mkwe wake, alikuwa anaanua nguo nje.

"Amahoro, dada."

"Amahoro, Kulthumu. Fadhili iko namna gani?"

Huyo ndiye Mwamini. Hakuulizia watoto wangu, wala presha yangu, anamuulizia marehemu wa kwenye televisheni.

Nikaanza. Nilimweleza unga wa masikioni, akacheka. Nilimweleza moshi, nikasema safari hii walichoma mahindi na nyama pia. Nikamwigizia Rukia anavyokunja nguo huku anajitazama kwenye kioo. Mwamini alicheka mpaka akashika mguu.

"Kisha?"

"Kisha jua likazama, mzimu ukaja mlangoni."

"Ukaita?"

"Ukaita."

"Mara ngapi?"

Aliuliza huku anatazama dari.

"Mara moja tu!" nikasema. "'Rukia.' Basi, kimya. Na Rukia siku hiyo akili zilimjia, hakufungua. Alisoma Ayatul Kursi, ukasikia mzimu unalia kule nje, unakwenda zake. Yaani safari hii wameandika vizuri, nakwambia. Mwandishi ana bibi yule."

Nilijisifu moyoni. Mwamini akavuta kanga akajifunika tumbo.

"Mariyamu alinionyesha jana, mu telefone yake," akasema. "Iliita mara tatu. Na Rukia alifungua, akaanguka kama gunia ya mihogo."

Uso ulinichoma moto. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimekamatwa uongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Sasa mbona umeniacha niseme yote hayo?"

"Nilitaka nione unanipenda mpaka wapi."

Niliinamisha kichwa, nikaanza kumkanda mguu ili mikono ipate kazi.

"Kulthumu, unafikiri mimi sijue?" akasema. "Alikuwa ananuka mazutu. Ile mafuta ya lori, mu shati. Mlango ulikuwa na tundu pale chini ya komeo, na mimi nilikuwa karibu. Muzimu haunuke mazutu."

"Ulijua lini?"

"Palepale. Mukono ya Mama iko mdomoni kwangu."

Nikaacha kukanda. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuusukuma ule mkono, na nikaogopa kuuliza, naye akanijibu hivyo hivyo, kwa maana alikuwa na miaka mingi ya kujiuliza mwenyewe.

"Usimulaumu Mama. Mama alikuwa muzee, na mie nilikuwa na nguvu, ningemutupa kule. Nilijua iko yeye, harufu yake ninaisikia, bwana yangu, na bado nilikuwa nangoja ya pili. Nilifundishwa kungoja, nikangoja. Nilikuwa nahesabu, Kulthumu. Ndiyo inaniuma. Nilikuwa nahesabu, na yeye ameweka mukono pale mlangoni."

Akalia, bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Nilimfuta kwa ncha ya kanga yangu. Mariyamu alichungulia na kikapu cha nguo, akaona, akarudi nje.

"Basi kwa nini umesema miaka yote ni mzimu?" nikamuuliza.

"Kwa ajili ya Mama. Siku anakufa alinishika mukono, akaniuliza, 'Mwamini, ule ulikuwa muzimu, ni vile?' Mama ambaye alifagia nyayo uani! Nikamwambia, ndiyo Mama, angekuwa mutu angeita mara tatu. Akafunga macho. Alikufa ameshika mukono yangu vizuri. Kutoka hapo nikawa naisema tu. Wewe nawe ulikuwa unatikisa kichwa kila mara ninaposema, nikaona, Kulthumu anaamini, mutoto alikuwa anakunja vidole vyake, nitamuharibia kwa nini?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mchana ule, amekomaa, ana meno. Mimi nilikuwa namlinda yeye, yeye alikuwa ananilinda mimi, na Mama alilindwa mpaka kaburini. Tulikuwa wanawake watatu wenye mapenzi mengi, na kila mmoja amemfunika mwenzake macho. Mwaka ule watu walivuka ziwa kwenda Kigoma kwa maelfu. Wakati ule tungeweza kwenda. Tungeuliza kambini kwa wakimbizi, tungemtaja dereva mwenye sauti kubwa, nani angemsahau? Mwaka wa tisini na tatu tena watu wakavuka, mimi mwenyewe nilifika Kigoma nikakaa miaka miwili, na sikuuliza hata mtu mmoja. Mtu haendi kuulizia mzimu Kigoma. Labda alikufa usiku ule ule hapo kwenye michikichi. Labda alizeeka ng'ambo akiamini mkewe alimsikia na kukataa kufungua. Hilo la pili ndilo nisiloweza kulibeba, nami nilimwambia Mwamini hivyo hivyo, kwamba ninasikitika, kwamba ningesema zamani, kwamba tulikosa wote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinipapasa kichwani kama nilipokuwa mdogo. Kisha akajifuta uso, akajiweka sawa juu ya mto.

"Sasa nisimulie tena," akasema.

"Nini?"

"Ile ya kwako. Ya mara moja."

"Dada, si umeshaona mwenyewe kwenye simu? Si umesema sasa hivi..."

"Nimesema nini? Mimi niko muzee, mguu unaniuma, nasema mengi. Mama aliniomba, nikamupa. Na mimi nakuomba."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Macho ameyafunga tayari, mkono ameutoa nje ya kanga, umelala kwenye mkeka kiganja juu. Niliushika.

"Jua lilikuwa limezama," nikaanza. Nikakohoa, nikaanza tena. "Jua lilikuwa limezama. Rukia alikuwa ndani. Sauti ikaita nje, mara moja tu."

"Na ya pili?"

"Haikuja."

"Ulisikiliza vizuri?"

"Nilisikiliza vizuri, dada. Nilikuwa palepale. Haikuja."

"Kwa hiyo ulikuwa muzimu."

"Ulikuwa mzimu."

Hakufungua macho. Kisha akaubana mkono wangu.

"Apa," akasema.

Mimi sikuwahi kuapa kwa uongo maishani mwangu, hata kwa jambo dogo. Nikaapa.